Jiwe Refu Juu ya Kaburi Fupi

Saa moja asubuhi, Mutindi Musau anapiga teke shada la maua ya plastiki. Shada linaruka na kuangukia rundo la mashada mengine, lakini utepe wake wa zambarau unanasa kwenye mwiba. Umeandikwa kwa rangi ya dhahabu: "Tutakukumbuka Daima."

"Daima yao iliisha siku hiyo hiyo," anasema, akiinama kuunasua. "Walikunywa soda, wakapigana picha, wakaenda. Huyu ako hapa miaka tatu. Sijaona mtu wake hata mmoja akikuja kung'oa nyasi."

Mutindi ana miaka hamsini na mmoja. Ndiye mtunzaji wa makaburi ya umma yaliyo pembezoni mwa Mumbuni, mjini Machakos. Hufyeka, hufagia, hupaka chokaa na kuzoa takataka za waliokuja kulia. Hulipwa shilingi elfu tisa kwa mwezi, na jembe ni lake mwenyewe.

Si mtu wa kubembeleza mgeni. Mwandishi akifika na kalamu, anapewa kiroba ashike mdomo wake wazi huku maua ya plastiki yakishindiliwa ndani. Mazungumzo yanafanyika hivyo hivyo, kiroba katikati.

"Hizi maua ukichoma zinanuka kama tairi. Ukiacha, mbuzi wa watu wanakula wanakufa, halafu wenyewe wanakuja kunigombanisha mimi. Nani aliwadanganya mtu aliyekufa anataka plastiki?"

Lakini asubuhi hii ya Oktoba, ukimtazama vizuri, utaona maua si hoja. Anafagia huku, anarudi kule, na kila mara jicho lake linakwenda mahali pamoja. Katikati ya safu ya vilima vya udongo na misalaba iliyoinama, kuna kaburi la granaiti nyeusi linalong'aa. Kichwani pana picha ya mama mzee aliyejifunga kitambaa cheupe cha kanisani, anatabasamu. Chini ya picha pameandikwa jina lake kwa herufi za fedha: Nzembi.

Mutindi anafika hapo, anafuta vumbi kwenye picha kwa ncha ya leso yake, kisha ananyooka.

"Huyu mama hana makosa. Makosa ni ya watoto wake. Huyu mama hayuko hapa. Hapa chini ni mtoto yangu."

* * *

Hilo si fumbo wala mafumbo ya matanga. Chini ya jiwe hilo, lililowekwa Agosti mwaka huu, amelala binti wa pekee wa Mutindi, aliyefariki kwa homa ya mapafu miaka saba iliyopita akiwa na miaka tisa. Naye aliitwa Nzembi.

Mutindi alizaliwa Ndithini, kwa wakulima wa mahindi na mbaazi. Aliolewa, akaja mjini na mumewe, wakapanga chumba kimoja Mumbuni. Yeye alifulia watu nguo, mume akibeba mizigo sokoni. Mtoto alipozaliwa alipewa jina la mama wa mumewe, kwa kuwa Mkamba binti wake wa kwanza humpa jina la mama wa mume. Ndiyo maana watoto wadogo huku hubeba majina ya vikongwe, na hakuna anayeona ajabu.

Mume aliondoka mtoto akiwa na miaka minne. Kifo kilipobisha, Mutindi hakuwa na pa kuzika. Ukambani mtu huzikwa kwao, kwenye shamba lake, na mtoto huzikwa kwa baba yake. Wakwe walisema hawamtambui. Kwa nduguze Ndithini aliambiwa kwamba mtoto wa binti aliyeolewa hazikwi kwa kina mama yake. Basi akaletwa hapa, mahali pa wasio na kwao na waliouza kwao.

"Sikulia kwa sababu ya umaskini," anasema. "Nililia kwa sababu hakuna mtu alikuwa anamtaka. Hata akiwa amekufa, hakuna mtu alikuwa anamtaka."

Waliomtaka walikuwa wanafunzi wenzake. Siku ya mazishi, darasa lake zima, la tatu, lilikuja kwa miguu. Mwalimu wao alikuwa amewakataza kununua maua. Aliwaambia kila mmoja achukue jiwe njiani, jiwe analolipenda, aje nalo. Walifika mifuko ya kaptura imening'inia, wakayapanga mawe yao kuzunguka kilima kile kidogo, mmoja mmoja, bila kusukumana.

Kila Desemba tangu hapo, Mutindi aliyapaka chokaa mawe hayo. Alipanda kiluma, ule mshubiri mchungu usiojali ukame, miguuni pa kaburi. Kichwani aliweka msalaba wa mbao aliochongewa na wachongaji wa Wamunyu, jina la mtoto likiwa limechimbwa ndani ya mti wenyewe na tarehe zikiwa zimeandikwa chini yake kwa rangi. Ili mchwa wasiule, kila mwaka aliupaka mguu wake oili chafu aliyoomba gereji.

Alikuwa hapo mara nyingi mno, akipalilia kaburi la binti yake na ya jirani, hata kamati inayosimamia makaburi ikaona ni heri imwajiri. Kazi ilimfuata kaburini.

* * *

Agosti, mjomba wake alifariki Ndithini. Mutindi akaomba ruhusa, akaenda mazishini. Aliporudi, akapita langoni na jembe begani kama kawaida yake, akaona kitu cheusi kinang'aa mahali ambapo hapakuwa na kitu cheusi.

"Nilifikiri nimepotea njia. Mimi! Hapa ninapajua hata nikifungwa macho. Nikasimama. Nikahesabu makaburi na kidole kama mtoto wa nasari. Nikahesabu tena."

Mawe meupe hayakuwapo. Kiluma kilikuwa kimeng'olewa. Msalaba aliukuta kwenye rundo la takataka, chini ya katoni za maji ya chupa na mashada mapya ya plastiki. Siku hizi uko nyumbani kwake, nyuma ya mlango.

Kilichotokea kinaeleweka kirahisi, na ndiyo maana kinachoma. Hatua chache kutoka hapo, upande wa ua wa waya, kuna kaburi la mama mzee aliyezikwa miaka minane iliyopita. Alikuwa na wana wanne na shamba zuri kando ya barabara. Wana walilikata shamba ploti na kuziuza mama akiwa bado hai, wakampangia nyumba mjini. Alipokufa, hapakuwa na udongo wake wa kumrudisha. Wakamleta hapa, wakasimika msalaba wa mbao, wakaenda zao Nairobi na Syokimau. Hawakurudi. Msalaba haukupakwa oili na mtu, ukaliwa na mchwa hadi ukaanguka.

Mwaka huu wakaamua kumkumbuka. Walikuja na lori, hema, pasta na mpiga picha. Wakatafuta msalaba ulioandikwa Nzembi. Ulikuwa mmoja tu ambao bado umesimama, kwa sababu ulikuwa na mtu wa kuutunza. Jua lilikuwa limefuta tarehe zilizoandikwa kwa rangi, likaacha jina lililochimbwa. Jina la bibi, kwenye kaburi la mtoto. Wakasema ni hapa.

Mzembe amekuja kumheshimu mama yake, na aliyeadhibiwa ni yule aliyekuwa akiheshimu kila siku. Mtu asikie hivyo asikasirike?

"Kaburi ya mtoto ni fupi!" Mutindi anapaza sauti, na ndege wanaruka kwenye mjakaranda. "Hata kipofu akipapasa anajua ni fupi! Hawa watu wako na macho ya nini?"

Fundi aliyejenga aliliona hilo. Anaitwa Muiruri, ana karakana yake ya mawe mjini, na alipotafutwa hakujificha. Alikuja mwenyewe makaburini, akavua kofia.

"Mama Nzembi, huyu mwandishi nimwambie ukweli ama?"

"Mwambie," Mutindi anajibu. "Mimi ulishaniambia."

"Mimi nilikuja na vipimo vya mtu mzima," anasema Muiruri. "Kufika hapa naona kaburi inaishia katikati. Nikaita mwenye kazi, nikamuuliza, mzee, mbona hii kaburi ya mama ni fupi? Akacheka. Akaniambia mama yao alikuwa mtu mfupi."

Kwa hiyo akarefusha. Alichimba mbele ya kaburi, mahali palipokuwa na kiluma, akajaza, akamwaga simiti hadi jiwe likapata pa kulala. Na alipopungukiwa na mawe ya kujazia chini, akatumia yale meupe yaliyokuwa pembeni.

Muiruri anatazama kofia yake. "Nilidhani ni mawe tu."

Kwa Mutindi, hilo ndilo jeraha lenyewe. Kosa la jina angeweza kulimeza na maji. Lakini mawe ambayo watoto waliyaokota njiani wakaja nayo mifukoni yamezikwa chini ya granaiti kama kokoto.

"Mama yao aliwabeba mgongoni wote wanne," Mutindi anasema baadaye, sauti imeshuka. "Wakasahau mgongo wake ulikuwa urefu gani."

* * *

Mwenye kazi ni Wesley Masila, kifungua mimba wa mama yule, mfanyabiashara wa vipuri vya magari anayeishi Syokimau. Kwa simu ana sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kumaliza mambo.

"Sisi nia yetu ilikuwa nzuri. Na huyo mama tumeongea, nikamwambia pole. Nikamtumia kitu kidogo akarudisha. Sasa anataka nini? Tunaweza kuweka kibao kidogo cha mtoto hapo kando. Mungu anajua nani amelala wapi. Maji yakimwagika hayazoleki."

Akaulizwa kwa nini jiwe lisihamishwe tu.

"Tulileta watu," akasema. "Tulileta wajomba, pasta akaomba hapo, watu wakalia hapo. Sasa nirudi niwaambie tulikuwa tunalilia mahali si pake? Watu wataongea."

Angalau hapo alisema kweli. Mama yake anaweza kukaa bila jina, mtoto wa mtu anaweza kulaliwa na jiwe la ukoo mwingine, mradi watu wasiongee. Mwandishi wa simulizi hii hufundishwa kusikiliza pande zote mbili, na amesikiliza. Upande mmoja una aibu, upande wa pili una mtoto.

Mutindi alipoletewa maneno hayo ya maji, aliangua kicheko kisicho na furaha.

"Maji? Hii si maji. Hii ni jiwe. Jiwe inabebwa."

Kamati ya makaburi nayo haikumsaidia sana. Mwenyekiti wake, Kiama, anakiri kosa limefanyika, ila anasema jiwe ni mali ya familia na halitaguswa bila wao kuwapo. "Leo nikimruhusu mmoja kubomoa, kesho kila mwenye ugomvi atakuja na nyundo," anasema. Wapo pia wanaonong'ona kwamba kaburi lililokwisha kuombewa halichezewi, litaleta mikosi.

"Mikosi gani imebaki?" anauliza Mutindi.

Anachokiogopa yeye ni mvua ya Novemba. Udongo wa hapa ukilowa unalegea, na jiwe ni zito. Anaamini litazama taratibu, upande wa kichwani kwanza, alipolala mtoto. Kila asubuhi hulitazama kama limeinama.

* * *

Anachukua debe la maji na kuelekea upande wa ua wa waya. Hapo pana kilima cha udongo kilichochongoka vizuri, hakina gugu hata moja. Hakina msalaba wala jina. Kiluma kimoja kimesimama kichwani. Hapa ndipo alipo mama yake Wesley.

Wakati Mutindi anamzika binti yake, msalaba wa hapa ulikuwa bado mpya. Alisoma jina akashtuka.

"Nikasema asante Mungu, basi mtoto yangu hatalala peke yake. Ako na susu hapa karibu, na wanaitana jina moja." Susu ni nyanya, kwa Kikamba. "Tangu hiyo siku nikilima ya mtoto, nalima ya susu. Hakuna mtu alinituma. Nimemlimia mama yao palizi miaka saba, na wao wakakuja wakanifanyia hivi."

Anakimwagilia kiluma maji. Akiulizwa kwa nini anaendelea, anakasirika upya.

"Nimwache akauke kwa sababu ya watoto wake? Si nimekwambia hana makosa?"

Ukimuuliza basi mtu amkumbukeje aliyelala hapa, hatoi hotuba. Ananyoosha kidole. Kule kuna kaburi la mzee mmoja ambalo mdogo wake, naye mzee wa mkongojo, hulijia na kikopo cha ugoro. Hunusa kidogo, humwagia kidogo ndugu yake, huzungumza naye habari za ng'ombe, hung'oa majani mawili matatu, huondoka. Kule kwingine kuna kikombe cha bati kilichochimbiwa hadi nusu. Wageni husema ni uchafu, Mutindi hukipangusa. Vioo havitaki kwa kuwa vinavunjika na kukata watu. Misalaba ya chuma huibwa ikauzwa vyuma chakavu.

"Granaiti sikatai. Kama uko nayo, weka. Lakini ukuje. Jiwe haling'oi nyasi."

* * *

Wiki hii mambo yamegeuka kidogo. Jumanne asubuhi, mwanamke mwenye viatu vya mjini alisimama langoni bila kuingia. Alikuwa Ndanu, kitinda mimba wa mama yule. Alikuwa amesikia kaka yake akijibu simu ya mwandishi, na hakulala.

"Habari yako, mama," alisalimia.

"Mzuri. Unatafuta nani?"

"Natafuta mwaitu." Mama yangu, maana yake. "Siku ya mazishi nilikuwa nimeshikilia waya. Nililia nikiwa nimeshikilia waya ya ua, nakumbuka ilinikata hapa." Akaonyesha kiganja. "Na hiyo jiwe tuliweka iko mbali na waya. Siku ile ya Agosti niliona hiyo kitu. Nikanyamaza, kwa sababu Wesley ndiye mkubwa."

Mutindi alikitazama kiganja hicho. Kisha akampeleka mpaka kwenye kilima kisicho na jina. Ndanu akaona waya, akaona kiluma, akaona udongo ulivyopaliliwa, akaelewa nani aliupalilia. Akapiga magoti na kuanza kulia kwa sauti.

Wengi wangemshika bega. Mutindi akamnyooshea jembe.

"Shika. Utalia ukilima."

Na alilima, viatu vya mjini na yote, kuzunguka kaburi la mama yake, hata mikono ikatoka malengelenge. Mutindi aliketi kando akimrekebisha: usikate mizizi ya kiluma, vuta udongo huku. Hakuna aliyeomba msamaha wala aliyeutoa. Walipomaliza walikunywa maji kwenye kikombe kimoja.

Kabla ya kuondoka, Ndanu aliuliza kama familia ingelipia watu waje wahamishe jiwe, ingetosha?

"Hapana," Mutindi akamjibu. "Sitaki kontrakta. Sitaki kibarua. Mkuje nyinyi. Mlikuja na gari mkaweka bila kuangalia, sasa mkuje na mikono. Mbebe jiwe ya mama yenu mumpelekee mahali ako. Mtaona ni karibu tu."

Ndanu alirudi na jibu Alhamisi, kwa simu. Watakuja Jumamosi. Kaka wawili wamekubali bila ubishi, mmoja wao amelia. Wesley hajasema ndiyo wala la. Muiruri ameahidi kuja mapema kuachanisha granaiti na simiti, na hataki malipo. Kiama amesema ataleta ufunguo wa lango kubwa na kusimama pembeni.

Hasira ya Mutindi haijapoa, na asidanganywe mtu kwamba imepoa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ila sasa imepata kazi ya kufanya. Ijumaa alasiri anaonekana akiburuta miti miwili mirefu ya mkaratusi kutoka langoni. Anailaza kando ya jiwe, mmoja kulia, mmoja kushoto, jinsi machela inavyolazwa. Ameimenya maganda ili isichubue mikono ya watu wasiozoea. Msalaba wa Wamunyu ameuleta kutoka nyumbani, mguu wake umepakwa oili mpya, na umeegemezwa kwenye mjakaranda.

Upande wa mashariki kumeanza kukusanyika mawingu ya kwanza ya msimu. Anayatazama, anapima.

"Miti ni mbili, ncha ni nne," anasema. "Watoto wake ni wanne. Kila mtu na ncha yake."

Na Wesley asipokuja?

"Basi wenzake watainua upande mmoja ukiwa chini, na watu wataongea. Si anaogopa watu kuongea?"

Na yeye mwenyewe, atashika ncha ipi?

Mutindi anaitazama picha ya mama mzee anayetabasamu, kisha anapiga magoti na kuweka kiganja pale simiti inapokutana na udongo.

"Mimi sibebi jiwe ya mtu," anasema. "Wao wakiinua, mimi nitakuwa hapa chini naokota mawe ya mtoto yangu."